Vihisi vya utando mwembamba na metali nzito kwenye maji: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yametoka kwa wanafunzi wa kemia, kwa watu waliochimba visima majumbani kwao, na kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu wanaotaka kujua kama kijito kinachopita chini ya mialo yao ya kuoshea dhahabu bado kinafaa kuchotwa. Nimeyajibu kama ninavyoyajibu nikiwa nimekaa mezani maabara: palipo na mengi nimeongea sana, palipo na neno moja nimesema hilo moja.

Kihisi cha utando mwembamba ni kitu gani hasa?

Chukua kipande cha kioo kama kile cha hadubini. Kipake tabaka jembamba la kitu ambacho kikikutana na metali fulani kinabadilika: kinageuka rangi, kinang'aa, kinafifia, kinavimba, au kinapinda mwanga tofauti na mwanzo. Kitumbukize kwenye maji, halafu kiangalie kwa taa na chombo cha kupima mwanga. Hicho ndicho kihisi chenyewe. Vingine hupakwa juu ya uzi wa kioo wa aina inayopitisha intaneti, vingine juu ya plastiki, vingine juu ya karatasi.

Kuhusu wembamba: unywele wa binadamu una unene wa nanomita 80,000 hivi, na nanomita moja ni sehemu ya milioni ya milimita. Utando wa dhahabu wa aina moja ya vihisi, ambayo nitaieleza hapa chini, una nanomita 50. Inabidi upange tando 1,600, moja juu ya nyingine, ndipo ufikie unywele mmoja. Tando za polima ni nene zaidi, kuanzia makumi ya nanomita hadi mikromita chache. Na wembamba huo una kazi yake. Ioni za metali, yaani atomi zake zenye chaji, hujipenyeza polepole ndani ya tabaka, na ukiongeza unene mara mbili, muda wa kusubiri unapanda mara nne hivi. Utando mnene utakuweka pale mtoni hadi jua lizame.

Kwa nini husemi "sensa"?

Kwa sababu sensa ni ile ya kuhesabu watu. Mafundi wa magari wanasema sensa na wanaelewana vizuri tu; mimi nimezoea kihisi.

Metali zipi zinatafutwa, na kiasi gani?

Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha mikrogramu 10 kwa lita kwa risasi, 10 kwa arseniki, 6 kwa zebaki isiyo ya kikaboni, 3 kwa kadimiamu na 50 kwa kromiamu. Kwa risasi, 10 ni namba iliyowekwa kwa sababu inaweza kutekelezeka na kupimika. Hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto.

Namba hizi hazimwambii mtu kitu mpaka uzigeuze. Fikiria boza la maji la lita 10,000. Risasi ya kulifikisha kwenye kikomo ni gramu 0.1, yaani uzito wa punje nne au tano za mchele. Punje tano, boza zima, na kihisi chako kinatumbukizwa kwenye kikombe kimoja kilichochotwa humo. Ugumu wote wa kazi hii uko hapo, na mtu anayekuuzia kifaa bila kukutajia namba hizi anakuuzia taa tu.

Mwanga unaionaje metali isiyo na rangi?

Hauioni. Ioni ya risasi ndani ya maji haina rangi, na kwa kiasi hicho haibadilishi chochote ambacho taa ingeweza kukigundua. Kinachoonekana ni utando. Metali inaingia kwenye utando, utando unabadilika, na sisi tunausoma utando.

Njia kongwe ni rangi. Dithizoni, kemikali ambayo Mjerumani Hellmuth Fischer aliiingiza kwenye uchambuzi wa metali mwaka 1925, ni ya kijani. Ikishika risasi inakuwa nyekundu, ikishika zebaki inakuwa ya rangi ya chungwa. Ukiichanganya na plastiki laini ya PVC na kuipaka kwenye kioo, unapata utando unaogeuka kutoka kijani kwenda wekundu kadiri risasi inavyoingia. Macho yanaona mabadiliko makubwa. Kwa madogo unapitisha mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 520 hivi na kupima kiasi kinachomezwa.

Njia nyingine ni mng'ao. Kuna kampaundi za jamii ya rangi ziitwazo rodamini ambazo hazina rangi hadi zebaki izifungue, hapo ndipo zinapong'aa. Nukta za kaboni, yaani chembe za kaboni za nanomita chache, hufanya kinyume: zinang'aa bluu tangu mwanzo, na zebaki ikija zinafifia. Kati ya hizo mbili mimi naamini zaidi zinazowaka. Kitu kinachozimika kinaweza kuwa kimezimwa na chochote, na chuma, ambacho kimejaa kwenye visima vyetu, ni hodari wa kuzima nukta za kaboni.

Halafu kuna ile unayoiona bila kulipa: rangi za povu la sabuni, au za mafuta yaliyodondokea dimbwi la barabarani. Povu halina rangi. Mwanga unaorudi kutoka uso wa juu wa utando unakutana na ule unaorudi kutoka uso wa chini; mawimbi mengine yanaimarishana, mengine yanauana, na rangi inayobaki inategemea unene. Kwa hiyo utando unaovimba nanomita chache tu unapomeza metali utahamisha rangi yake, na spektromita, chombo cha kupima kila rangi ya mwanga, itaona.

Ya mwisho ndiyo inayoandikwa sana kwenye majarida. Upande mmoja wa prizimu, kipande cha kioo cha pembe tatu, unapakwa dhahabu ya nanomita 50, na leza inaipiga dhahabu hiyo kutoka upande wa kioo. Kwenye pembe nyingi mwanga karibu wote unarudi. Ukizungusha polepole unafika pembe moja ambapo elektroni za uso wa dhahabu zinaupokea mwanga na kuanza kuyumba kwa pamoja, na mwanga unaorudi unaporomoka. Pembe hiyo inategemea kinachogusana na dhahabu upande wa pili, ndani ya nanomita mia mbili hivi za mwanzo. Kikibadilika kitu hapo, pembe inahama. Andreas Otto, na vilevile Erwin Kretschmann na Heinz Raether, walionyesha mwaka 1968 jinsi ya kuziamsha elektroni hizo kwa prizimu, na mwaka 1983 watafiti wa Sweden wakaitumia njia hiyo kutambua gesi na protini. Metali nzito zilifuata baadaye.

Dhahabu? Si itakuwa ghali?

Hapana. Kwa unene wa nanomita 50, gramu moja ya dhahabu inafunika takriban mita moja ya mraba. Kipande cha kihisi chenye sentimita moja ya mraba kinabeba sehemu moja ya kumi ya miligramu. Sonara hapotezi usingizi kwa hiyo. Kinachokula fedha ni mashine ya kupaka dhahabu ndani ya ombwe, na meza ya prizimu inayopima pembe kwa usahihi wa sehemu ndogo ndogo za digrii.

Basi kwa nini dhahabu peke yake haitoshi?

Kwa sababu ioni ni kitu kidogo mno. Protini ikikaa juu ya dhahabu ni kama lori limeegeshwa uani, pembe inahama waziwazi. Ioni ya risasi ni kuku amepita. Lazima pawe na tabaka la pili juu ya dhahabu, la kunasa ioni nyingi mahali pamoja na ikiwezekana kuvimba au kujikunja zinapoingia.

Tabaka linalopendwa ni kitosani. Inatokana na maganda ya kamba na kaa: unaondoa chokaa kwa asidi, unaondoa protini kwa alikali, kisha alikali kali zaidi inabadilisha kitini iliyobaki kuwa kitosani. Vikundi vyake vya amini, sehemu zake zenye naitrojeni, hushika metali vizuri. Huyeyuka kwenye asidi ya asetiki ya asilimia 1, nyepesi kuliko siki ya jikoni, kwa hiyo unadondosha tone kwenye kioo kinachozunguka maelfu ya mizunguko kwa dakika na linatandazika lenyewe. Lakini kinachoyeyuka kirahisi kwenye asidi kitayeyuka pia kwenye maji yako yakiwa na asidi, ndiyo maana huifunga kwanza kwa glutaraldehaidi, kemikali inayoiunganisha minyororo yake. Watafiti wa Universiti Putra Malaysia wamefanya kazi nyingi ya kuipaka juu ya dhahabu kwa ajili ya risasi, zebaki na shaba. Nikipita masoko ya samaki ya pwani na kuona marundo ya maganda ya kamba yakitupwa, nawaza tando.

Kwa zebaki peke yake kuna kishawishi bora: salfa. Zebaki inaipenda salfa kuliko karibu kila kitu kilichomo majini. William Christopher Zeise wa Denmark, aliyezitengeneza kampaundi za kikaboni zenye salfa na haidrojeni miaka ya 1830, aliziita merkaptani kwa Kilatini chenye maana ya kinachonasa zebaki. Jina lilikuwa sahihi kabla hata ya kihisi chochote.

Kwa nini kihisi kinachofanya vizuri maabara kinashindwa kisimani?

Hili ndilo swali. Ningekuwa na nafasi ya kujibu moja tu ningejibu hili.

Maabara unatumia maji yaliyochujwa ioni zote, halafu unaongeza risasi kwa pipeti. Kwenye kikombe hicho kuna risasi na utando, hawana mwingine wa kuzungumza naye. Kisimani hali ni tofauti. Maji magumu yanaweza kuwa na miligramu 100 za kalisi kwa lita. Ukiwa unatafuta risasi ya 0.01, kalisi ni mara 10,000. Hata kama utando unaipenda risasi mara elfu kuliko kalisi, kwa wingi huo kalisi itashinda. Ongeza magnesi, chuma, manganisi, na mboji iliyoyeyuka kutoka majani yaliyooza.

Halafu pH, kipimo cha asidi na alikali. Maji yakiwa na asidi, ioni za haidrojeni zinakaa kwenye vikundi vya amini na metali haipati kiti. Maji yakiwa na alikali nyingi, risasi inaganda kuwa chembe na haiufikii utando kabisa. Kati ya hapo kuna uchochoro ambamo kihisi kinafanya kazi, na karibu kila makala ya utafiti imepimwa humo kwa msaada wa bafa, mchanganyiko unaoizuia pH isibadilike. Kisima hakina bafa ya mtafiti.

Nina kisa changu. Nilitoka na tando za dithizoni nikiwa najiamini, na nyumba ya kwanza tu utando ukawa wa waridi iliyokolea. Maji yalikuwa ya mvua, yanavunwa juu ya paa la mabati na kushushwa kwa bomba la chuma lililopakwa zinki. Nikawaambia watu wa nyumba ile wasimpe mtoto maji yale. Sampuli ilipopita kwenye mashine, risasi ilikuwa chini ya kikomo na zinki ilikuwa tele. Zinki nayo hugeuza dithizoni kuwa nyekundu. Nilikuwa nimefundishwa hilo na nimelifundisha wengine. Ilibidi nirudi kuomba radhi. Mama wa nyumba alinikaribisha chai, akanijulisha kwamba tangu nilipoondoka wamekuwa wakinunua maji ya madumu.

Vitabu vya zamani vina dawa ya zinki: ifunike kwa sianidi, risasi itabaki peke yake. Kwenye maabara yenye kabati la kufyonza hewa ni sawa. Hakuna mwenye akili timamu atakayebeba sianidi kwenda kisimani kwa watu.

Kihisi kimesema hakuna risasi, maabara imesema ipo. Nani amekosea?

Inawezekana hakuna aliyekosea. Utando unanasa ioni zilizo huru. Maabara huweka asidi ya naitriki kwenye sampuli kwanza, na asidi hiyo inaikomboa risasi iliyoshikwa na mboji, iliyonata kwenye udongo mwepesi, na iliyo ndani ya vipande vya kutu vilivyobanduka bombani. Maabara inapima yote kwa jumla. Kihisi kinapima sehemu yake. Tumbo la mtu lina asidi pia, kwa hiyo kwa suala la kunywa, sikiliza maabara.

Lakini mara nyingine kutofautisha ndiko kunakohitajika. Kromiamu hupatikana majini katika hali mbili, kulingana na elektroni ilizopoteza: viwanda vya ngozi hutumia ya hali ya tatu, na hatari kubwa iko kwenye ile ya hali ya sita. Mashine ya AAS, inayopima mwanga unaomezwa na atomi za metali na iliyotokana na kazi ya Alan Walsh wa Australia miaka ya 1950, inakupa jumla tu. Utando wenye difenilkabazidi unageuka zambarau kwa ya sita na kuiacha ya tatu. Hapo utando wa bei rahisi unajua kitu ambacho mashine haijui.

Sisi tuko kwenye dhahabu. Kihisi cha zebaki kitatuonyesha kama kijito kimeharibika?

Kitakuonyesha kipande. Zebaki mnayomwaga kwenye karai si ioni, ni metali ya majimaji. Tone likianguka mtoni linazama na kutulia chini ya tope. Mnapochoma donge la dhahabu na zebaki, sehemu kubwa ya zebaki inapaa kama mvuke, inawapitia mapafuni, na inayobaki hewani itakuja kushuka mbali na hapo. Utando wa kunasa ioni za zebaki hautaliona tone lililozama wala mvuke.

Kuna kitu kibaya zaidi. Bakteria kwenye tope hugeuza zebaki kuwa zebaki-methili, ambayo hupanda kutoka viumbe vidogo vya maji hadi samaki wadogo, hadi samaki wala samaki, ikiongezeka kila hatua. Huko Minamata, Japani, ambako ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, watu walidhurika kwa samaki na kombe waliokula, sio kwa maji ya kunywa. Maji ya ghuba yangeweza kupimwa yakaonekana ya kawaida tu huku paka wa mtaani wakianguka na kutetemeka. Kwa hiyo kama wasiwasi wako ni zebaki, pima tope na samaki, na uanze na hewa ya pale mnapochomea. Maji ya kijito yawe ya mwisho.

Arseniki je?

Tando nyingi za risasi hazina habari na arseniki. Risasi majini ina chaji chanya. Arseniki kwa kawaida imeshikana na oksijeni na ama haina chaji ama ina chaji hasi. Mtego wa panya haunasi ndege.

Ni swali zito kwa ukanda wa dhahabu wa Ziwa Victoria, kwa sababu arseniki hukaa kwenye miamba ileile yenye dhahabu, na vipimo vya maji ya ardhini upande wa Geita vimekuta visima vilivyovuka kikomo. Kipimo cha rangi kinachotumika uwanjani ni cha zamani na hakina utando wa dhahabu wala prizimu: unageuza arseniki kuwa gesi ndani ya chupa, na gesi inapaka karatasi yenye bromidi ya zebaki rangi ya njano hadi kahawia. Bangladesh walipima mamilioni ya visima kwa namna hiyo, kisha wakapaka pampu rangi: nyekundu usinywe, kijani kunywa. Naiheshimu kazi ile kuliko nusu ya makala ninazosoma, ingawa karatasi yenyewe ina zebaki na inataka kushikwa kwa uangalifu.

Na shaba na kobalti za Katanga?

Kwa shaba hali ni nzuri. Kikomo chake kwenye maji ya kunywa ni miligramu 2 kwa lita, mara 200 ya kile cha risasi, na utando wa kawaida wa rangi unakifikia bila taabu. Ndugu wa Kolwezi na Likasi wanaotaka kufuatilia mto unaopokea maji ya mgodi wanaweza kuanza na shaba. Kobalti mara nyingi iko mgodi uleule na shaba, na vitendanishi vingi vya rangi huchanganya hizo mbili, kwa hiyo usiamini rangi ya kobalti mpaka umeondoa shaba.

Kihisi kama hiki kingewasaidia watu wa Owino Uhuru?

Kidogo. Kule Mombasa risasi ilitoka kwenye kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu, ikawafikia watu kwa moshi, kwa vumbi, kwa udongo wanaochezea watoto, pamoja na maji machafu ya kiwanda. Phyllis Omido, aliyeongoza madai ya wakazi na kupewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015, alianza kushtuka baada ya mwanawe kukutwa na risasi kwenye damu. Damu ndiyo ya kupima kwanza mahali kama pale. Kihisi cha maji kingesoma mfereji, na mfereji ni shahidi mmoja kati ya wengi.

Niko Arusha, meno ya watoto yana madoa ya kahawia. Nitumie kihisi hiki?

Hapana. Hiyo ni floraidi, ambayo si metali. Utando wa metali nzito hauitambui. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Omba kipimo cha floraidi kwa jina.

Nikichemsha maji, metali zinatoka?

Hazitoki. Maji yanapungua, metali inabaki, kwa hiyo unaikoleza. Klorini ya vidonge nayo haiigusi.

Naweza kutumia kamera ya simu kusoma rangi?

Unaweza, ukiidhibiti. Simu imetengenezwa ikupendezeshe picha: inarekebisha mwanga, inasahihisha weupe, inang'arisha. Kila kimoja kati ya hivyo kinaharibu kipimo. Tengeneza sanduku jeusi lililofungwa, weka taa yake ya LED, zima marekebisho yote unayoweza kuyazima, na katika picha hiyohiyo weka utando usioguswa na metali pamoja na utando uliotumbukizwa kwenye kiasi unachokijua. Unalinganisha tando ndani ya picha moja, hulinganishi picha ya leo na ya jana. Ukipiga picha nje kwenye jua la saa sita na kutuma kwenye kundi la WhatsApp ili uambiwe kama maji ni salama, sitakujibu.

Nikisoma makala inayosema kihisi chao ni bora, niangalie nini?

Kwanza kiwango cha chini wanachoweza kutambua. Kwa kawaida ni mara tatu ya mtikisiko wa vipimo vya maji matupu, kugawanya kwa mwinamo wa mstari unaounganisha kiasi cha metali na usomaji wa kihisi. Kilinganishe na mikrogramu 10 kwa lita kwa risasi, 6 kwa zebaki. Ikiwa kihisi kinaanzia 500, kinafaa maji taka ya kiwanda, hakifai bomba la nyumbani, hata kama kichwa cha habari kinasema maji ya kunywa.

Halafu nenda kwenye jedwali la metali zinazoingilia. Wataandika kwamba kalisi haikusumbua. Tazama kalisi ilikuwa kiasi gani. Ikiwa waliweka kalisi sawa na risasi, au mara kumi, hawajajaribu kitu. Kisha tazama maji waliyopimia. Wengi huishia kwenye maji ya bomba la chuo chao, wakaongeza risasi wenyewe na kuipata tena. Ni hatua nzuri, ila ni mtu kuficha funguo zake na kuzitafuta. Ninaowaheshimu ni wale waliochukua maji ya mto wenyewe, wakayapima sambamba kwa kihisi na kwa mashine ya plazma, ile ya maabara inayochoma sampuli kwa gesi ya joto kali, na wakachapisha hata pale viwili vilipopishana.

Utando mmoja unatumika mara ngapi?

Nyingi mara moja. Baadhi huoshwa kwa asidi nyepesi au EDTA, kemikali inayozivuta metali, na kurudia, lakini kila mwosho unaacha kitu na kuondoa kitu. Baada ya mara kadhaa mstari wako wa urekebishaji, unaogeuza usomaji kuwa kiasi cha metali, si ule tena. Pia hifadhi tando mbali na mwanga. Dithizoni hufifia yenyewe ikiachwa dirishani, na kijani kilichofifia kwa jua kinafanana sana na kijani kilichopungua kwa metali.

Basi nifanye nini na kisima changu?

Peleka sampuli maabara. Tanzania kuna maabara za ubora wa maji zilizo chini ya Wizara ya Maji, na kuna pia Ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Kenya kuna Mkemia wa Serikali. Waombe chupa yao ya plastiki iliyooshwa kwa asidi, na uulize kama asidi ya kuhifadhi imeshawekwa, kwa sababu bila asidi sehemu ya risasi hunata kwenye kuta za chupa na haifiki kwenye mashine. Usitumie chupa ya soda uliyoisuuza. Kwa bomba la ndani, chota mara mbili: maji ya kwanza alfajiri, yaliyolala bombani usiku kucha, na mengine baada ya kuyaacha yakimbie dakika kadhaa. Ya kwanza yakiwa mabaya na ya pili mazuri, tatizo ni mabomba yako au koki.

Tando zina nafasi yake hapa. Maabara itapima visima vitano kwa bei ambayo wewe na wenzako mngepimia mia kwa tando, na katika visima hivyo mia, tuseme ishirini ambavyo tando zake zimebadilika rangi ndivyo vya kupelekwa. Utando unachagua cha kupimwa. Usiuache utoe hukumu, nimeshawahi kuuacha.

Tando zilizotumika nizitupe wapi?

Usizitupe jalalani wala kumwaga miyeyusho ya majaribio kwenye sinki. Zebaki iliyonaswa kwenye utando bado ni zebaki, na miyeyusho ya kiasi kinachojulikana uliyotengeneza kwa ajili ya urekebishaji ina metali nyingi kuliko kisima chochote utakachopima. Weka chupa ya plastiki yenye kifuniko cha kuzungusha, iandike kwa kalamu isiyofutika jina la metali na tarehe, na uiweke pale ambapo mtu wa usafi hataiona kama chupa ya kawaida. Ikijaa, iende kwa wanaoshughulikia taka za kemikali. Yangu iko chini ya meza, imeandikwa ZEBAKI NA RISASI kwa herufi kubwa, baada ya mtu mmoja kutaka kuitilia maji ya kunyweshea maua.